Tangi Jipya, Maji Maangavu, Samaki Wamekufa: Kuna Nini?

Mtu akiweka tangi la samaki sebuleni, mambo huenda kwa mpangilio unaojulikana. Siku ya kwanza picha zinarushwa kwenye kundi la familia. Siku ya nne samaki mmoja yuko juu ya maji anatweta. Wiki ikiisha wamebaki wawili kati ya sita, na kila anayekuja kutembea ana maelezo yake: muuzaji alitoa samaki wagonjwa, maji ya bomba yana dawa, watoto waliingiza mikono, mgeni fulani ana kijicho. Wengine hufunga mjadala kwa kusema samaki wa mapambo hawaishi sana, ndivyo walivyoumbwa.

Hilo la mwisho si kweli. Goldifishi anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20, na huko Uingereza alikuwapo mmoja, akiitwa Tish, aliyekufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Wapo samaki wa maisha mafupi kweli, na mmoja wao ni wa kwetu: Nothobranchius guentheri wa Unguja, anayeishi kwenye madimbwi ya msimu, akakua haraka, akataga mayai kwenye tope, kisha akafa dimbwi likikauka huku mayai yakingoja mvua nyingine. Lakini huyo ana sababu zake. Goldifishi na gapi, yule samaki mdogo wa rangi, wa dukani hawana sababu yoyote ya kufa ndani ya siku nane.

Kinachowaua wengi hakionekani kwa macho, na hakinuki kwa kiasi kinachotosha kuua. Tena hutokea zaidi kwenye tangi jipya lililosuguliwa mpaka linang'aa kuliko kwenye tangi kuukuu lenye mwani kwenye kioo. Maji yanayopitisha mwanga vizuri si lazima yawe maji salama, na mkanganyiko wote huanzia hapo.

Maneno manne kwanza

Amonia ni ile kemikali inayokupiga puani ukiingia kwenye banda la kuku lisilofagiwa. Samaki huitoa mfululizo, na sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua anapopumua, si kwenye mavi tu. Kwa hiyo hata samaki aliyefungishwa siku mbili bado anaichafua nyumba yake. Chakula kilichobaki na jani lililooza huongeza nyingine.

Nitriti ni kinachopatikana bakteria wa aina fulani wanapoila amonia. Nitrati ni kinachopatikana bakteria wengine wanapoila nitriti. Amonia ni sumu kali, nitriti nayo ni sumu kali, lakini nitrati ni pole kiasi kwamba samaki wengi huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hata mimea ya majini huitumia kama mbolea.

Neno la nne ni chujio. Watu hudhani kazi yake ni kunasa takataka, na kweli hunasa. Kazi yake kubwa zaidi ni kuwapa makazi wale bakteria. Wanakaa kwenye matundu ya sponji, juu ya changarawe na kwenye utando unaoteleza ukipapasa kioo. Ndani ya maji yenyewe wamo wachache mno.

Sasa weka haya pamoja. Ziwa lina maji mengi kiasi kwamba amonia ya samaki mmoja haina maana, na bakteria wamejaa kila jiwe. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 lina lita 63 tu likijaa pomoni. Siku unalolinunua halina hata bakteria wa kutosha kuhudumia samaki mmoja. Unaweka sita, unawalisha mara tatu kwa siku kwa sababu wanapendeza wakila, na amonia inapanda bila kuwa na wa kuila. Matamvua yanaungua, samaki anakuja juu kutafuta pumzi, mapezi yanabanana mwilini. Maji bado ni maangavu kabisa.

Kuna wimbi la pili ambalo huwachanganya hata waliovuka la kwanza. Baada ya wiki moja au mbili wale bakteria wa kwanza wanaongezeka, amonia inashuka, mwenye tangi anapumua. Lakini hapo ndipo nitriti inapopanda, maana bakteria wa pili huchelewa zaidi. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Matamvua hugeuka rangi ya kahawia. Samaki anatweta huku pampu ya hewa ikitoa mapovu mpaka yanamwagika, na mwenyewe anaenda kununua pampu nyingine. Safari nzima, kutoka tangi jipya mpaka tangi lenye uwezo wa kujihudumia, huchukua wiki nne hadi sita hivi, na kwenye baridi huwa ndefu zaidi.

Kulikomaza tangi kabla ya kuleta samaki

Njia ya uungwana ni kuanza bila samaki. Jaza maji, washa chujio, kisha kila siku tupia vipande vichache vya chakula cha samaki viozee humo. Amonia itatokea, bakteria watakuja wenyewe. Wamo hewani, wamo kwenye maji, wamo mikononi. Vipimo vya matone au vya karatasi vinavyouzwa maduka ya samaki vitakuonyesha amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka. Siku ambayo amonia na nitriti, zote mbili, zitasoma sifuri huku nitrati ikionekana, tangi limekomaa. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili nitrati ishuke, halafu leta samaki wawili au watatu, si kumi.

Najua wiki sita za kutazama tangi lisilo na samaki ni mtihani, hasa kama kuna watoto nyumbani. Ipo njia ya mkato, na yeyote aliyewahi kugandisha maziwa anaielewa: huanzi na maziwa matupu ukasubiri bahati, unachukua kijiko cha mtindi wa jana ukakitia kwenye maziwa mapya. Tangi nalo ni hivyo. Muombe mtu mwenye tangi la miezi mingi, lenye samaki wazima, akupe kipande cha sponji kutoka kwenye chujio lake, hata kama kinatisha kwa ukahawia. Kisafirishe kikiwa kibichi, ndani ya maji ya tangi lile lile, ukakitie kwenye chujio lako siku hiyo hiyo. Muda wa kusubiri hupungua sana. Hatari yake ni kwamba magonjwa ya tangi lile nayo hupanda gari moja na bakteria, kwa hiyo usichukue sponji kwa mtu ambaye samaki wake wana vidoa vyeupe.

Na kama samaki tayari wamo, kwa sababu makala haya umeyapata ukiwa umechelewa? Lisha kidogo sana, mara moja kwa siku, au ruka siku. Badilisha robo ya maji kila siku au kila baada ya siku moja kulingana na vipimo. Nitriti ikiwa juu, chumvi kidogo ya jikoni husaidia, gramu moja kwa lita ni kiasi ambacho goldifishi na gapi hawasumbuki nacho, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindana na nitriti kwenye mlango wa matamvua. Chumvi haiondoi nitriti, na mtu asikuuzie kama dawa ya kila kitu.

Kusafisha kunakoua

Hapa ndipo nia njema hufanya madhara makubwa. Jumamosi mtu anaamua kusafisha tangi. Samaki kwenye ndoo. Maji yote yanamwagwa. Changarawe inaoshwa kwa sabuni, sponji inasuguliwa chini ya bomba mpaka inarudi rangi ya dukani, kioo kinapigwa brashi. Samaki wanarudishwa kwenye maji mapya, yote yakiwa na harufu ya usafi. Kwa kazi ya saa moja, mwenye tangi amewafuta bakteria aliowalea miezi mitatu, na sasa tangi limerudi kuwa jipya likiwa na samaki wakubwa ndani yake. Wakifa Jumatano, analaumu maji.

Kinachotakiwa ni kubadilisha kiasi cha robo ya maji kila wiki, ukinyonya takataka za chini kwa mpira, bila kuwatoa samaki. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji uliyotoa tangini, mara moja kwa mwezi au pale mtiririko unapopungua, ikamuliwe tu mpaka maji yapite. Sabuni isiguse kitu chochote kinachoingia humo.

Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya chupa

Wanaosema maji ya bomba yana dawa hawajakosea. Mamlaka za maji hutia klorini ili kuua vijidudu vya magonjwa, na klorini haichagui: huunguza matamvua na huua bakteria wa chujio pia. Bahati nzuri ni nyepesi kuondoka. Ndoo iliyoachwa wazi siku nzima, ikiwezekana na pampu ya hewa ikiipigia mapovu, hupoteza karibu klorini yote. Anayetumia maji yaliyokaa siku kadhaa kwenye tangi la plastiki juu ya dari mara nyingi klorini imeshaondoka bila yeye kujua, na hii ndiyo sababu majirani wawili wenye bomba moja hupata matokeo tofauti. Lakini zipo mamlaka duniani zinazotumia kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia, ambayo haiondoki kwa kuachwa ndooni. Kwa hiyo chupa ndogo ya dawa ya kuondoa klorini, ambayo mara nyingi ndani yake ni sodiamu thayosalfeti, ni matumizi mazuri ya pesa kuliko mapambo ya jahazi lililozama.

Maji ya kisima hayana klorini, lakini ukanda wa pwani visima vingi vina chumvi na chokaa. Tena maji yanayotoka chini sana huwa na oksijeni kidogo. Yapigie hewa kwanza. Maji ya mvua ni laini mno, hayana madini ya kushikilia pH, kwa hiyo tangi la maji ya mvua matupu linaweza kugeuka kuwa chachu ghafla. Yachanganye na mengine. Maji ya chupa ya kunywa ni hasara ya mfukoni, na mengi yamepunguzwa madini, basi shida inabaki ile ile ya mvua.

Hiyo pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini ya hapo maji yanaelekea kuwa na tindikali, juu yanaelekea magadi. Wauzaji huifanya kuwa jambo la kutisha na kukuuzia vimiminika vya kuipandisha na kuishusha. Samaki wengi wa dukani wanaishi vizuri kati ya 6.5 na 8, na kinachowaumiza zaidi ni pH inayoyumba kila siku. Acha vimiminika.

Lakini pH ina uhusiano mmoja na amonia unaostahili kujulikana. Amonia majini huwa na sura mbili, moja kali na moja ya afadhali, na pH ndiyo huamua ipi izidi. Kwenye nyuzijoto 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ni ile kali. pH ikifika 8 inakuwa kama asilimia 5, na kwenye 9 inapita asilimia 30. Hili linawahusu sana wanaopenda samaki wa maziwa yetu. Ziwa Tanganyika lina maji ya magadi, pH yake inakaribia 9, na samaki wake wenye rangi, jamaa wa perege na sato wanaoitwa sikilidi kwenye biashara, wamezoea hayo. Tropheus anayelamba mwani kwenye miamba ya Kigoma, au yule mdogo Neolamprologus multifasciatus anayefanya gamba tupu la konokono kuwa nyumba, hafugwi kwenye tangi ambalo halijakomaa. Kosa ambalo gapi angelipona kwenye pH 7, kwake ni kifo. Inasikitisha kidogo kwamba mfugaji wa Ujerumani huwa anajua hili kuliko sisi tulio kando ya ziwa lenyewe.

Mapovu, joto na umeme unaokatika

Pampu ya hewa haipulizii oksijeni samaki kama wengi wanavyodhani. Povu lenyewe huacha oksijeni kidogo tu likipanda. Faida kubwa ni kwamba linasukuma maji na kuuvuruga uso wake, na oksijeni huingia kupitia uso huo. Ndiyo maana tangi pana na fupi lina pumzi kuliko refu jembamba lenye lita zile zile, na ndiyo maana bakuli la mviringo lililojazwa mpaka shingoni ni nyumba mbaya kuliko zote.

Joto nalo: maji yakipashwa hubeba oksijeni kidogo, wakati huo huo mwili wa samaki unaitaka zaidi. Januari na Februari Dar es Salaam au Mombasa, tangi lililo karibu na dirisha la magharibi linaweza kupita nyuzijoto 31 alasiri. Pwani hita haihitajiki. Inahitajika Mbeya, Iringa, Arusha wakati wa baridi, na Nairobi Julai, kwa samaki wa maji ya vuguvugu wanaotaka nyuzijoto 24 hadi 28. Goldifishi yeye anapenda ubaridi na hita haimhusu.

Umeme ukikatika saa mbili, usihangaike, ila usilishe. Ukikatika nusu siku, chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara, au weka pampu ndogo ya kuchaji, ambayo kwa mazingira yetu naiona ni lazima. Bakteria nao wanahitaji oksijeni. Sponji iliyo ndani ya tangi huvumilia zaidi. Chujio la kopo lililofungwa nje huanza kuoza. Umeme ukirudi baada ya muda mrefu, mwaga kwanza maji yaliyolala kwenye kopo hilo kabla ya kuliwasha, vinginevyo uchafu wote unarudi kwa samaki kwa mkupuo.

Yanayosemwa dukani

"Samaki hukua kulingana na tangi." Goldifishi wa kawaida hufika sentimita 20 na zaidi. Akiwa kwenye bakuli anadumaa kwa sababu maji ni mabaya, na kudumaa huko ni ugonjwa. Ndiye samaki anayeuzwa kwa bei nafuu zaidi kwa watu wasio na uzoefu, ilhali anachafua maji kuliko karibu wote. Kwa tangi la lita 60 mimi nisingemweka.

"Beta hahitaji chujio, anapumua hewa." Ni kweli ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, na asili yake ni maji ya kina kifupi ya Thailand na nchi jirani. Hiyo inamwokoa na upungufu wa oksijeni. Haimwokoi na amonia. Lita 20 zenye sponji inayotiririka polepole zinamtosha, akiwa peke yake.

"Huyu ni msafishaji, anakula mavi ya wenzake." Plekosi, samaki anayeuzwa kwa sifa hiyo, anakula mwani na mabaki ya chakula, mavi hali, na yake mwenyewe ni marefu na mengi. Yule wa kawaida wa sentimita tano hukua mpaka 30 au zaidi.

Kwa anayeanza, gapi bado ndiye chaguo langu. Mvumilivu, mdogo, ana rangi. Tahadhari ni moja: jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukinunua majike watupu unaweza kujikuta na ukoo. Nunua madume peke yao.

Na wakizidi, usiwamwage mtoni wala bwawani kwa huruma. Ziwa Victoria linajulikana lilivyopoteza aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950. Sangara hakuwa samaki wa mapambo, lakini mto haujui mgeni ameingizwa kwa nia gani. Warudishe dukani au mpe mtu mwenye tangi.

Swali linalobaki ni safari. Samaki wakubwa wenye afya wanakaa siku nne au tano bila kulishwa na hawana neno, vifaranga hawawezi. Ukienda wiki mbili, badilisha maji siku moja kabla ya kuondoka, na mlishaji umwachie vipimo vilivyofungwa kwenye vikaratasi, kimoja kwa siku, kila kimoja kikiwa na chakula kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kopo lenyewe lifungie kabatini, maana jirani mwema akiona samaki wanakuja kiooni atadhani wana njaa.